Mtetemo kwenye Gari la Fikirini

Kibiti, Jumapili

Kwa bibi yangu Mwanawetu,

Lakini kulifunga nililifunga, bibi, siku ya tatu tu ya fungate, kama ulivyoniagiza tulipoagana Kiongoroni. Kwa hiyo usiendelee kumwuliza kila anayeshuka kwenye boti. Habari za kufuli lako ni ndefu, nitazifikia. Kwanza pokea salamu zangu. Goti linakuacha ulale? Sisi wazima, alhamdulillahi. Barua hii anakuletea Semeni. Tabu akusomee polepole, tena chumbani, maana haya nisingeweza kuyasema kwenye simu ya Amri, ambayo ukiongea kijiji kizima kinasikia.

Mke mwenzangu, mume wetu ni mzuri jamani! Asubuhi ananiamsha kwa jina zima, Muzdalifa binti Hemedy, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na hatoki mpaka nicheke. Jioni nikisikia honi yake tangu kona ya msikiti, moyo unaruka kama sijamwona mwaka mzima. Wiki ya tano hii, na bado nikimkunjia shati nalinusa kwanza.

Ila katika raha hiyo nimeishi na hofu. Unalijua lile gari lake jeupe, kuukuu, analobebea abiria wa boti kutoka hapa hadi Nyamisati. Ndilo linalotulisha. Alipomaliza fungate na kurudi kazini, likaanza kutetemeka. Mwendo mdogo linatulia. Likifika sitini, sakafu inaunguruma na viti vinacheza. Abiria wakaanza maneno. Mama mmoja alimwuliza kama amewapakia kwenye gari au kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mwingine akadai atafika Mafia meno yote yako mfukoni. Fikirini alicheka nao, lakini alipofika nyumbani hakula.

Fundi Mtoro alianza na matairi. Akayahamisha, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, mtetemo palepale. Akabadili mipira inayoshika injini, palepale. Akaanza kunitania, eti bi harusi umekuja na mashetani yako ya Delta, yashushe basi. Nikacheka kwa midomo tu. Fikirini alikuwa ameshaniambia, macho chini, kwamba abiria wanamkimbia na yeye anaogopa kuua watu. Gari lisipopona hadi Ijumaa, kuna mtu wa Ikwiriri atalinunua, na yeye atakwenda Dar es Salaam kwa binamu yake kufanya kazi ya ulinzi, awe anarudi kila baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu, bibi! Na hina ya harusi bado iko kwenye kucha zangu.

Alhamisi tukalitoa barabarani kwa jaribio la mwisho. Fikirini kwenye usukani, fundi pembeni yake, mimi nyuma, nimekataa kubaki. Lilipofika sitini likaanza. Mtoro akamwambia atoe gia, liende lenyewe. Bado likatetemeka, basi si injini. Usukani ulikuwa umetulia, basi si mbele. Akageuka akaniambia niweke kiganja sakafuni. Niliweka, nikasikia linagonga katikati, chini ya miguu yangu, kama kitu kinachotaka kutoka. Mtoro akasema basi ni propela shafti, lile bomba refu la katikati, linalozunguka kwa kasi kupeleka nguvu matairi ya nyuma. Likizidiwa uzito upande mmoja, hata kidogo, gari zima linatetemeka. Na bomba hilo likikatika kwenye mwendo, linaweza kulipindua gari.

Linalozunguka, bibi.

Nakiri kwako kama nilivyokiri kwa mume wetu. Ulinipa kufuli la shaba la babu Mshamu, alilolifunga kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini ya mashua yake, akarudi salama kila safari. Ukasema nilifunge chini ya gari, mume asijue, maana mwanamume akijua analindwa anaendesha ovyo. Mimi mtoto wa Delta, gari nalijua kwa kupanda tu. Nilijilaza chini, nikaona bomba refu kutoka mbele hadi nyuma, nikajua huo ndio mkuku wake. Nikalifunga kufuli hapo kwa waya, nikaukaza kwa koleo. Tope la njia ya Nyamisati likaligandia, hata fundi alipochungulia aliona bonge la udongo tu.

Nikapiga kelele asimamishe. Nikachukua koleo la fundi, nikaingia chini ya gari na gauni langu jipya, Mtoro akiniuliza kama nimerukwa na akili, nikatoka na kufuli mkononi. Nikasema yote huku nalia. Mtoro alicheka mpaka akakaa chini. Fikirini hakucheka. Alilifuta tope kwa shati lake, akarudi kwenye usukani. Sitini. Themanini. Gari limetulia kama limeegeshwa. Mimi naitazama shingo yake tu, sijui ina hasira au vipi.

Tulipofika nyumbani ndipo aliposema kwamba ningeweza kuua watu, na kweli ningeweza. Kisha akanishika mikono yote miwili, akasema siku nyingine nikimwogopea nimwogopee kwa mdomo, atanisikiliza. Mtu wa Ikwiriri alikuja Ijumaa, akanywa chai, akaondoka kama alivyokuja.

Sasa kufuli liko kitandani, juu ya mto wetu, limefungwa, na ufunguo unao wewe. Fikirini anataka alitie kwenye mlango wa chumba chetu, na amekataa ufunguo uletwe na mtu. Atakuja kuuomba mwenyewe kwa mke wake mkubwa. Wasalimie Tabu na Amri, na mtuwekee kaa wanono. Kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa mlangoni kwako.

Mjukuu wako, mke mwenzako,
Muzdalifa