Jina la Mwalimu Kuang Limerudi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Lixin, tangu kizibo cha chupa ya maji moto kiache kulia "po!" jikoni kwetu kabla ya alfajiri. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yako: chai, miwani, kisha picha za vibanzi vya mianzi.

Miaka thelathini ulifundisha sekondari hapa Jingzhou. Mtoto aliyekuja na njaa ulimpa mkate wako wa mvuke, kisha ukatudanganya nyumbani kwamba umeshiba.

Ulipostaafu ukaanza kupanga maneno ya mwanafalsafa wa kale, yaliyoandikwa kwenye vibanzi hivyo na kufukuliwa kaburini. Uzi uliovifunga ulikuwa umeoza, vibanzi vimechanganyika. Wasomi wakubwa walitazama upande wa mbele tu, wenye maandishi. Wewe ukatazama mgongoni, ukaona mkwaruzo wa kisu unaotoka kibanzi hadi kibanzi. Ukiufuata, maneno yanakaa mahali pake: moyo hutangulia, adabu hufuata. Wao walikuwa wakifundisha kinyume chake.

Mwalimu Fei wa Changsha alikupinga miaka ishirini na miwili. Alipokuja, mlisikika hadi uani.

"Kuang, mikwaruzo hiyo ni ya panya!"

"Basi panya huyo kasoma kukushinda. Kula samaki, anapoa."

Na kila alipoondoka ulimshika mkono mlangoni. "Rudi tena tugombane."

Ulipougua, ulimkabidhi profesa mmoja mswada wako aufikishe kwenye jarida. Jina lake halitaandikwa hapa. Naye aonje.

Maana siku ya kusafisha makaburi tulikuja na jarida hilo tukuchomee, ulisome huko uliko, kama ilivyo ada yetu. Lixin alishawasha kiberiti. Mdogo wake, Yun, akafungua ukurasa: juu, jina la profesa. Chini kabisa, kwa herufi kama sisimizi: "Shukrani kwa mzee mmoja wa Jingzhou aliyesaidia kuchora."

Mzee mmoja! Mtu aliyemaliza macho yake kwa kazi ile!

"Zima," nikamwambia Lixin. "Baba yenu hatutampelekea jina la mtu mwingine."

Siku ile tulikuachia machungwa tu, na hatukukwambia kwa nini.

Tuliwaandikia wenye jarida mara tatu. Wakajibu mara moja: mwalimu wa sekondari hawezi kuandika hoja nzito namna ile, familia itulie. Hatukutulia.

Mwezi wa kumi wasomi walikutana Wuhan kujadili vibanzi hivyo. Mimi na Yun tuliketi nyuma. Profesa alipomaliza kusoma kazi yako kwa sauti tamu, Fei akainuka na mkongojo wake.

"Hoja hii si kweli," akasema, "na tena si yako."

Watu wakacheka.

"Mzee wangu, tuheshimiane," akasema profesa.

"Heshima ndiyo iliyonileta. Hoja hii nimeipinga tangu wewe hujaota ndevu. Barua alizoniandikia Kuang mwenyewe hizi hapa, mia na sita, kila moja na muhuri wa posta. Nionyeshe yako moja."

Hakuwa nayo. Mhariri wa jarida alizisoma pale pale mezani.

Wiki iliyopita jarida limefika. Mistari minne: kazi ile ni ya Kuang Shouren. Minne tu, kwa wizi wa kurasa ishirini! Wala hawakuomba radhi. Lakini jina lako limo, nami nimelipitishia kidole.

Kesho tunakuchomea jarida hili. Fei anakuja kwa basi la asubuhi. Ameandika kurasa kumi na nne kuonyesha ulivyokosea, anataka zichomwe pamoja na kazi yako.

Wanaokukumbuka: mkeo, Zou Guizhen, wanao, Lixin na Yun, mjukuu wako Mumu, anayechezea kizibo cha chupa yako, na Fei Zhongqi, aliyetaka aandikwe "mpinzani", si rafiki.

Siku zote utakuwa nasi. Rudi tena ututembelee, mzee wangu, hata ndotoni. Chai ipo, na Fei anasubiri jibu.