Kwa Nini Dada Hapokei Simu Yako

Nyumba ya kona,
Mtaa wa Chini.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo, na pole na baridi ya huko. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na yule mtoto, ameshaota meno au bado anawacheka kwa ufizi? Mwambie shangazi yake anamsalimu, na kwamba akianza kuuma aanze na wewe.

Sisi huku tu wazima, kama uzima ni kula na kulala. Goti langu linanisumbua kila nikiinama mbele ya tanuri. Shemeji yako kikohozi kimempungua, lakini kulalamika hakujapungua hata kidogo, kwa hiyo najua atapona.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Unajijua. Tangu utoto hakuna mtu aliyewahi kumaliza sentensi mbele yako. Barua utaisoma mpaka mwisho ndipo upige kelele, na kelele zako hazitanifikia.

Kiwanda cha mikate kimefunguliwa tena. Tope la mafuriko tulilitoa kwa sepetu, na unga wote wa stoo ulikuwa umegeuka gundi, tukaukwangua sakafuni kama rangi ya zamani. Tajiri amepunguza watu. Mimi nimebakizwa kwa sababu ndiye pekee ninayeijua tabia ya lile tanuri. Mikate imekuwa midogo na wateja wananinunia mimi, utadhani naiminya usiku.

Sasa nije kwenye lile unalouliza kila mara. Umemwambia shemeji yako kwamba Dada hapokei simu kwa sababu amekukasirikia, hukuja kwenye mazishi ya Shangazi. Siyo hivyo. Hakuna aliyekulaumu. Nauli ya huko tunaijua, na mambo ya karatasi zako tunayajua pia.

Unachojua wewe ni kwamba Shangazi alichukuliwa na mafuriko. Kilichomtoa nyumbani siku ile hukuambiwa. Tuliona tukuachie kwanza uombolee kwa amani, lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimechoka kukudanganya kila Jumapili.

Unaikumbuka ile ruzuku. Wewe ndiye uliyesikia kwamba kuna mfuko unasaidia sanaa zinazozungumzia mabadiliko ya tabianchi, na wewe ndiye uliyelipiga pasi andiko la Dada la kuomba pesa mpaka mtaa wetu wenyewe tukawa hatuutambui. Uliandika "dharura ya tabianchi", Shangazi akauliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Pesa ilipotoka tulifurahi, nisiseme uongo. Kikundi cha Dada kilikuwa kimeigiza miaka na miaka kwa soda na asante. Kwa mara ya kwanza kila mwigizaji akapata posho, na Dada akanunua cherehani isiyokula nyuzi.

Na mchezo ulikuwa mzuri. Ulianza na kengele ya pampu, ile ile ya kweli. Wewe umekulia hapa: mlinzi wa pampu akiigonga, mto umejaa, na mtu haulizi swali, anapanda kwenda shuleni kule mlimani. Dada alisema mchezo wa mafuriko bila kengele ile ni chai bila majani. Mlinzi mwenyewe akapewa sehemu ya kuigiza. Anagonga kengele, anakimbia katikati ya uwanja, anapunga mikono na kulia, "Maji! Maji! Pandeni juu!" Siku ya kwanza aliigiza vizuri mno hata nusu ya mtaa ikakimbilia shuleni na magodoro kichwani. Waliporudi walitutukana, kisha wakacheka. Siku ya pili wakaja na viti.

Mfuko ulitaka watu wengi. Mratibu wao, binti mpole anayevaa viatu visivyofaa kwa tope, kila akija huuliza watazamaji walikuwa wangapi. Basi mchezo ukarudiwa kila Jumamosi, na siku yoyote walipotokea wageni wa mfuko bila taarifa. Hapakuwa na haja ya tangazo. Kengele ikilia, mtaa mzima unateremka uwanjani, pale kando ya pampu na mto, kila mtu na kiti chake. Watoto walikuwa wakiisikia tu, wanapiga makofi.

Kaka, tuliwafundisha watu kukimbilia kwenye maji. Hakuna aliyeliona. Dada hakuliona, mratibu hakuliona, wewe na andiko lako hukuliona, na mimi niliyekuwa nakaa mstari wa mbele nikicheka mpaka machozi sikuliona. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Ilikuwa Jumatano, mchana, jua linawaka. Kwetu mvua haikunyesha. Ilinyesha huko mto unakotoka. Kengele ikalia. Dada alikuwa kwenye cherehani anapinda suruali ya mlinzi, ile ya kuigizia. Akadhani wamekuja wageni na kikundi kimeanza bila yeye, akachukia. Shangazi alikuwa ameshabeba kiti. Dada akamwambia, "Tangulia, Shangazi, uniwekee nafasi. Namalizia pindo hili nakuja." Shangazi akamjibu, "Fanya haraka basi, leo nataka kukaa mbele."

Ya uwanjani nilielezwa na mlinzi mwenyewe, maana nilikwenda kwa binti yake anakokaa siku hizi. Alipowaona watu wanateremka na viti vyao, aliwakimbilia akipunga mikono, akilia maji, maji, pandeni juu. Wakampigia makofi. "Nilivyozidi kulia, ndivyo walivyozidi kupiga," akaniambia. "Mwingine akasema, mzee leo umejitahidi." Mto ulipopasua kingo nyuma ya nyumba ya pampu, yeye aliwahi kupanda kwenye tangi. Hakutaka chai yangu wala mkate niliompelekea, na sikumlaumu.

Dada alitoka na ile suruali mkononi, akakuta hakuna uwanja.

Jioni ile ile alituambia neno kwa neno alichomwambia Shangazi. Hakuficha kitu. Baada ya hapo akafunga mdomo. Analala kwenye kitanda cha Shangazi, anakula akilazimishwa. Nguo zote za kikundi amezikatakata vitambaa akaniletea kazini, eti tufutie trei. Nilizipokea, nikazifungia kabatini. Siwezi kufutia trei nguo ile, sijui mwenzangu ungeweza.

Majirani wamegawanyika. Wako wanaomsalimia, wako wanaobadilisha njia. Muuza mkaa, aliyefiwa na mume siku ile, akimwona tu humwambia mbele za watu, "Huyu ndiye aliyetufundisha kufa." Dada husimama akamsikiliza mpaka amalize, kisha huendelea na safari yake. Nimemkataza asipite njia ile. Anaipita kwa makusudi.

Na kuna baya kuliko hilo. Mwezi uliopita mlinzi mpya aligonga kengele kwa mara ya kwanza, mto ulikuwa unapanda kweli. Hakuna aliyetoka. Mimi mwenyewe nilisimama mlangoni na mikono yenye unga, sijui kama nipande, niteremke au nikae. Mto ukashuka wenyewe, Mungu ametusitiri. Lakini mvua ndiyo kwanza zinaanza, Kaka, na mtaa mzima hauna kengele. Ipo pale inaning'inia, ila imekufa.

Katika hali hiyo ndipo mratibu akarudi na habari ya awamu ya pili ya ruzuku. Alilia, na alilia kweli, siwezi kusema ni mtu mbaya. Lakini kisha akasema wakubwa wake wameguswa sana, na kwamba mtaa wetu sasa ndio mfano hasa waliokuwa wanautafuta. Kufa kufaana. Nilitaka nimtoe kwa kandambili. Kifaru, yule mwigizaji mnene uliyekuwa ukiiba naye mapera, akamwambia Dada kwa sauti ya chini, "Dada, chukua. Watoto hawana ada." Dada akamuuliza mratibu swali moja tu: "Safari hii mnataka watazamaji wangapi?" Binti wa watu akainamisha macho kwenye viatu vyake.

Dada akatia sahihi. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia pesa ile ina harufu, nilimwambia watu watampiga mawe. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza muuza mkaa. Kisha akasema, "Kengele niliiua mimi. Unataka nani aifufue?"

Mchezo mpya utachezwa shuleni, kule juu, na si penginepo kamwe. Kengele itagongwa, na anayetaka kuuona mchezo itabidi apande. Amewaambia mfuko kwamba wakija wageni siku nyingine watakunywa chai na kurudi, hakuna kugonga kengele kwa ajili ya mgeni. Ndani ya mchezo ni yeye na Shangazi, chumba, cherehani, na yale maneno. Atayasema kwa mdomo wake, mbele ya muuza mkaa akija. Ni Jumamosi hii.

Na mimi ndiye Shangazi. Dada alisema nina mwili wake, mwendo wake na domo lake. Nilikataa. Nikakataa tena. Shemeji yako ndiye aliyeniambia, "Usipofanya wewe atampata mtu asiyemjua Shangazi, na huyo atamkosea." Nikakubali huku nalia.

Ukipiga simu, nitampa mimi mkononi. Usimwambie si kosa lake. Sote tumeshamwambia, na kila akiambiwa hivyo huondoka chumbani. Usimwambie pia kwamba ni kosa lako kwa sababu ya lile andiko, maana nakujua, utataka kubeba na wewe. Nyamaza tu. Mwache akuambie yeye alichomwambia Shangazi, na wewe usikatize.

Jana tulifanya zoezi la kwanza kwenye darasa lililo wazi. Dada alikaa nyuma ya dawati, ndiyo cherehani. Mimi nikashika kiti. Akasema, "Tangulia, Shangazi, uniwekee nafasi." Nikajibu kama alivyojibu Shangazi, nikaenda mlangoni. Akasema, "Rudi." Tukaanza upya, nikaenda. "Rudi." Tulipoanza tena na akanirudisha tena, nilikasirika, nikamuuliza, "Nakosea wapi?"

Akasema, "Unakwenda. Nikikwambia tangulia, kataa."

Kaka, nilikiweka kile kiti chini pale pale mlangoni nikakikalia. Nikasema kwa sauti ya Shangazi, ile ya kutuamsha asubuhi, "Siendi popote. Acha hilo pindo, inuka, twende juu wote." Dada akainuka. Akanishika mkono. Tukatoka nje ya darasa tukatembea mpaka kwenye ukuta wa shule, na pale akaniegemea akalia, mara ya kwanza tangu siku ile, kilio cha kutoka tumboni, mpaka Kifaru akageuka akaangalia upande mwingine.

Alipomaliza akajifuta uso kwa kanga yangu. Nikamwambia basi tucheze hivyo Jumamosi. Akatikisa kichwa. Akasema, "Hapana. Mbele za watu Shangazi atakwenda. Hii ilikuwa yangu."

Shemeji yako anakusalimu sana. Mama mdogo anakusalimu na anasema unenepe, amekuona kwenye picha. Kifaru naye anakusalimu na anadai ile saa uliyomwahidi. Mbusu mtoto, na umwambie wifi nimepokea vitambaa, nashukuru. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mzuri, na atupe sisi mvua za kiasi.

Wako akupendaye hata ukininunia,

Mdogo wako wa tanurini