Thuraya Amesimulia ya Kwao

Kwako Mama,

Goti limetulia, ama bado unashikwa mkono ukipanda kwenda kanisani? Wote hapo hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na sitakuficha.

Unajua hapa Sib, Oman, nafundisha Kiswahili watoto wa shule ya msingi, wa zile familia za Waomani waliotoka Unguja. Nomino na vitenzi tulimaliza vizuri, tukaingia kwa hadithi: mhusika ni nani, mandhari ni wapi, mgogoro ni upi, suluhisho ni lipi. Siku ya wazazi ilipofika nikaambia kila mtoto asimulie jambo la kweli la kwao, wazazi wakisikiliza. Hapo ndipo nilikosea, Mama. Huku ya nyumbani hayatoki mlangoni. Mimi nikafikiria kama Bungoma, ambako kuku wa jirani akiugua kijiji kizima kinajua.

Wa kwanza alisimulia habari za paka aliyepotea, watu wakacheka. Kisha akasimama Thuraya, mtoto mpole, anayeshika kila unachomfundisha.

"Mhusika ni Nafula, dada anayetupikia. Mandhari ni jikoni. Mgogoro ni kwamba mamake amekufa kwao Kenya, anataka kwenda kumzika, na baba amesema hapana mpaka Ramadhani ipite."

Babake alikuwa mbele kabisa, anazungusha pete kidoleni. Ningeweza kumwambia mtoto aketi. Lakini Nafula ni jina la kwetu, Mama. Nikajisikia nikiuliza, "Na suluhisho?"

"Bado, Mwalimu. Baba yuko hapo, muulize."

Mzee akainuka, akamshika bintiye mkono. Walipofika mlangoni akaniambia kwa ile sauti yao ya taratibu, "Mwalimu, nyumba yangu umeivua nguo mbele za watu."

Jana mkuu wa shule alinipigia simu. Jumapili asubuhi, ambayo huku ni siku ya kazi, nifike ofisini na pasipoti. Nikifutwa, viza imekwisha, na mdogo wangu Brian bado yuko shuleni ananitegemea. Naogopa, Mama.

Leo mchana simu imelia, namba siijui. Kumbe ni Nafula; mamake Thuraya ndiye amempa namba yangu. Yuko uwanja wa ndege. "Mtoto aligoma kula mpaka babake akakata tiketi," akasema, akalia, na mimi nikalia. Nikamuuliza kama mzee amesema lolote juu yangu.

"Dada yangu," akasema, "anza kupanga nguo zako."

Nisalimie Baba, shangazi anayekupikia, na mjomba fundi wa baiskeli. Brian usimwambie bado. Ukisikia nimefika Nairobi, usiniulize nilimkosea nani. Niulize kama Nafula aliwahi mazishi.

Ni mimi binti yako,
Nekesa