Amoit, Skana Yako Imeamka

Amoit,

Nimeketi kwenye kiti chako. Usikasirike. Changu kilivunjika mguu nikakitoa nje, sasa madereva wa malori wanakiegemeza ukutani na kukikalia wakisubiri niwachapishie karatasi zao. Kwa hiyo siku hizi naiona Malaba vile wewe ulikuwa unaiona: ukuta wa duka la simu, kipande kidogo cha reli, na malori yamepangana kuelekea Uganda mpaka macho yanachoka. Sikujua kwamba kutoka hapa mtu haoni mlango. Ndiyo maana mteja akiingia ulikuwa unaniuliza, "Nafula, ni nani huyo?" na mimi nikidhani ni uvivu wa kugeuza shingo.

Hakuna mtu wa kuniuliza hivyo tena. Wateja wanaingia kimya kimya. Wakati mwingine najibu bila kuulizwa, nasema, "Ni yule wa lori la simiti," halafu nakumbuka.

Nina habari, na nimekaa nayo kidogo kwa sababu nilitaka kuwa na hakika kabla sijakuandikia. Skana inafanya kazi.

Najua ungesema niache uongo. Ngoja nikueleze yote.

Unamkumbuka yule mama wa Rukala, ambaye mto uliingia kwake mpaka kitandani. Alikuja na kadi ya ubatizo ya marehemu mumewe. Ilikuwa imelowa, ikakauka, ikawa ngumu kama chapati ya juzi. Mimi ndiye niliyeiingiza kwenye ile mashine yetu ya zamani, inayomeza karatasi kwa juu na kuitoa kwa chini. Iliimeza, haikuitoa. Tulichomoa vipande. Yule mama hakutulaumu, alisema tu, "Haya," akavifunga kwenye leso akaenda zake. Wewe ulilia. Nikakwambia ni bahati mbaya, ukanijibu kwamba bahati haina makosa hapo, karatasi ya mtu inatakiwa ilazwe, sio ivutwe. Wiki iliyofuata ulienda Kampala, ukarudi umepakata skana kubwa ya kioo, umeifunga kwa shuka kama mtoto.

Na ikakataa. Taa yake iliwaka, lakini kompyuta ikasema hakuna skana hapa. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeacha kuishughulikia zamani, na ile CD iliyokuja nayo, yenye programu ya kuiendesha ambayo mafundi huiita dereva, ilikuwa ya kompyuta za Windows za miaka ya nyuma. Yetu ulikuwa umeiwekea Linux badala ya Windows, kwa sababu flashi za wateja zilikuwa zinatuletea virusi kila siku. Nakumbuka ulipomweleza yule dereva wa Eldoret kwa nini hatuwezi kumsaidia. Ulimwambia, "Boss, skana iko, lakini haina dereva." Akainuka kwenye benchi, akavuta suruali juu, akasema, "Dereva si huyu hapa? Leta hiyo skana niendeshe." Ulicheka mpaka ukashika meza. Natamani kukisikia kile kicheko, Amoit. Nacheka peke yangu nikikumbuka, lakini kicheko changu kinaisha haraka.

Miezi mitatu uliihangaikia. Mchana wateja wakipungua ulikuwa unavuta daftari, unaandika, unafuta, unachomoa waya, unarudisha. Mimi nilikuwa nataka ile nafasi mezani. Halafu ile Ijumaa nikakwambia, "Toa hii maiti hapa." Hivyo hivyo, kwa hilo neno. Hukunipigia kelele. Uliifuta kioo kwa kitambaa, ukasema, "Haijafa, Nafula. Ni vile hakuna mtu hapa anaongea lugha yake." Tukafunga duka bila kuagana vizuri. Jumatatu presha ikakuangusha kabla hujafika kazini, na nilipofika hospitalini ulikuwa huongei tena.

Nimelibeba lile neno langu tangu siku hiyo. Nililibeba hata kule kwenu Amukura tulipokuzika. Watu walisimama wakasema mambo mazuri kuhusu wewe, mimi nikaitwa kuongea kama rafiki nikashindwa. Walidhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi, lakini pia ilikuwa ile Ijumaa yetu.

Baada ya mazishi mnunuzi wa vyuma chakavu alipita. Nikainua skana nimpe. Kweli kabisa, nilikuwa nampa, sikutaka kuiona tena. Chini yake kulikuwa na daftari lako. Nikafungua nikaona mwandiko wako, ule wa kuegemea upande kama unatembea kwenye upepo, na mistari uliyoikata kwa rula. Nikamwambia yule mtu aende. Nikairudisha skana mahali pake, lakini sikuigusa tena. Nilikuwa naipangusa vumbi tu.

Kilichonifanya niiguse ni Akol.

Mtoto wako alimaliza shule, akapata nafasi ya chuo cha uuguzi. Chuo kinataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Na wewe, Amoit, uliyewashughulikia vyeti watu wa Malaba yote, hukuwahi kumchukulia binti yako cha kwake! Kila mwaka ulisema, "Ya Akol tutafanya wiki kesho." Nilikukasirikia siku hiyo, nikakukasirikia kwa sauti, hapa dukani, mteja akiwepo.

Baba yake alivuka mpaka kwenda Uganda, Akol akiwa hajaota meno, na hatujui aliko. Kilichobaki kuonyesha kwamba huyu msichana ni wa upande huu ni kadi yake ya kliniki yenye jina la mama. Tuliitoa kwenye sanduku lako la bati. Wino ulikuwa umepauka, mahali pa jina la mama pamebaki kama kivuli cha moshi. Afisa wa vyeti aliyetuhudumia hakuwa mtu mbaya. Aliipeleka dirishani, akaigeuza hivi na hivi, akasema, "Mama, mimi nataka kusaidia, lakini hapa siwezi kuandika jina ambalo sioni." Tukaipiga picha kwa simu, yake na yangu. Kivuli kile kile. Tulipofika dukani Akol aliniuliza, "Auntie, kwani nikikosa jina la mama, mimi ni wa nani?"

Nilivuta lile daftari.

Sikuelewa nusu yake. Unanijua mimi, kazi yangu ilikuwa kuongea na watu na kuhesabu kurasa. Lakini ulikuwa umeandika kila kitu kwa utaratibu, kama mtu anayemwandikia mwingine: leo nimefanya hivi, ikajibu hivi. Akol alinisomea Kiingereza cha kwenye kompyuta, mimi nikamsomea mwandiko wako, maana yeye alishindwa kuusoma. Ukurasa wa mwisho uliandika namba mbili, ya kampuni na ya mashine yenyewe, halafu chini yake: "Kuna dada yake anayekubaliwa. Kujaribu faili ya dada." Ukaishia hapo.

Tulichukua siku nyingi kuelewa ulimaanisha nini. Kwamba ziko programu ambazo watu wa mbali wanaziandika wenyewe na kugawana bure ili mashine kama hizi zisitupwe, na kwamba ndani yake kuna orodha ya skana wanazozijua. Yetu haimo. Lakini nyingine ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka mwaka mmoja na yetu, imo. Akol akaandika ujumbe mtandaoni, mahali wanapokutana hao watu, akaeleza tulichonacho. Nikamwambia aongeze kwamba aliyeianza kazi hii amefariki. Akasema hilo halihusiki. Nikamwambia andika.

Siku ya tano jibu likaja, kutoka kwa jamaa wa Brazil. Alisema pole kwanza. Mtu asiyetujua, kutoka Brazil, alianza na pole. Halafu akasema mama wa duka alikuwa amefika karibu sana. Skana yetu na ile nyingine ni kitu kimoja ndani, tofauti ni ganda na namba. Kilichokosekana ni mambo mawili: kuziandika zile namba zako kwenye faili ya dada yake, na kutoa ndani ya ile CD ya zamani faili moja ndogo ambayo skana hulishwa kila inapowashwa, la sivyo haijui kazi yake.

Ulikuwa karibu hivyo, Amoit. Ulikuwa umebakiza CD, na CD ilikuwa kwenye droo yako, chini ya risiti.

Tulifanya alivyosema. Kompyuta ikaiona. Ikaandika jina lake pale, jina zima! Akol akaruka. Tukabonyeza, ikatoa mngurumo wa ajabu kama inasaga mawe, ikasimama. Nikadhani tumeiua. Nikaketi chini kwenye sakafu, nikasema basi, nimeshindwa, na nikalia vile sikulia Amukura. Akol ndiye aliyeipindua akakuta tumboni kufuli ndogo ya plastiki, ya kuzuia taa isitembee wakati wa safari. Ilikuwa imefungwa tangu Kampala. Sisi wote watatu hatukuwahi kuigeuza.

Akaifungua. Tukalaza kadi ya kliniki juu ya kioo, polepole, bila kuikunja. Taa ikaanza kutembea.

Picha ya kwanza haikuwa bora kuliko ya simu. Yule jamaa alikuwa ametuambia tuongeze ukali na tuiangalie rangi moja moja, kwamba wino wa bluu ukififia huwa unabaki kwenye rangi nyingine. Tukatoa bluu. Tukatoa kijani. Ilipobaki nyekundu peke yake, karatasi ikawa nyeupe na wino ukapanda juu, mweusi. A, halafu M. Nesi aliyeandika siku hiyo alikuwa na O kubwa sana. Jina lako lote, na la baba yako, na kijiji. Akol aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta akalifuata kama mtoto wa nasari anayejifunza kuandika. Sikumzuia, ijapokuwa unajua ninavyochukia alama za vidole.

Tulichapisha, tukarudi kwa afisa na kadi yenyewe pamoja na nakala. Aliziweka sambamba dirishani, akafuata mstari mmoja baada ya mwingine, akasema, "Sasa naona. Hata hapa kwenye kadi naona." Akaandika. Cheti kilitoka, na baada ya kusubiri kwingi na kwenda na kurudi Busia, kitambulisho kikatoka. Picha yake amekunja uso kama wewe ukibishana na mteja. Nimemwambia ni mbaya. Ni nzuri kabisa.

Kuna jambo moja zaidi. Yule jamaa alitaka kuiongeza skana yetu kwenye orodha yao, ili mwingine asihangaike tena. Akauliza aandike jina gani kando yake, kwa kuwa ni desturi yao kumtaja aliyeifanyia kazi. Akol akanitazama. Nikamwambia andika "Amoit, Malaba". Liko pale sasa. Mtu yeyote akiwa na skana kama hii, popote alipo, ataichomeka na itakubali mara moja, na hatajua kwa nini.

Sasa niseme nilichokuja kusema. Nisamehe lile neno la Ijumaa. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naionea wivu ile mashine kwa vile ulivyokuwa unaiangalia. Nimekutafuta nikwambie hivi, nimekuwa nikikutafuta kwenye kila ukurasa wa daftari, na hukuniandikia popote kwamba ulikasirika. Nimeamua kuamini hukukasirika. Kama nimekosea, utaniambia siku yangu ikifika.

Akol anaenda chuo mwezi ujao. Nakuahidi nitampeleka mwenyewe. Nitabeba sanduku lake, nitatandika kitanda chake, nitauliza wasimamizi maswali mengi kuliko inavyohitajika, na nitaongea kwa sauti mpaka aone aibu mbele ya wenzake, vile wewe ungefanya. Atakaponiambia, "Auntie, inatosha, nenda sasa," nitamkumbatia mara mbili. Ya kwanza yangu.

Kwaheri, mama Akol. Kuna mteja ameingia.

Rafiki yako,
Nafula