Chungu cha Nili cha Miaka Arobaini

Jumanne, 7 Februari 2023

Nimepata! Nimepata kibanda! Barua ameileta mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, bado ana tonge la wali mkononi. Maonyesho ya mafundi mjini Sakon Nakhon, Jumamosi ya Machi nne, kibanda namba kumi na moja, na jina langu limeandikwa wazi: Nuan, mtia nili. Si kikundi cha akina mama. Si "Nuan na wenzake". Mimi!

Miaka saba tangu niache kiwanda kule Rayong nikarudi kwenye chungu cha Bibi. Miaka saba watu wananiuliza, utarudi lini kazini? Kazini! Kwani hapa nacheza?

Sharti lao ni moja: kila mtia rangi aje na chungu chake kikiwa hai, nili ikichacha ndani, na atie nguo rangi mbele ya watu. Rangi ya unga wa dukani marufuku. Kwangu rahisi. Kwenye fomu niliandika kwamba chungu chetu hakijafa hata siku moja miaka arobaini, tangu Bibi alipokianzisha, kabla sijazaliwa. Barua inasema kamati imevutiwa sana na chungu hicho. Mama kausoma mstari huo mara nne, halafu kaubeba kwenda kumsomea jirani.

Alhamisi, 9 Februari

Msiba kwa Mzee Bunloet. Siku mbili naosha masufuria na kupika supu ya machipukizi ya mianzi. Habari za kibanda zimefika kabla yangu – watu wananipongeza mbele ya jeneza, hata mjane! Nimeona aibu. Lakini si sana.

Nimerudi jioni hoi. Nikakumbuka chungu hakijakorogwa tangu jana. Nikakoroga harakaharaka, nikalala.

Jumamosi, 11 Februari

Chungu kimekimbia.

Sina neno jingine. Hakuna povu. Maji yalikuwa ya manjano yenye ukijani, leo ni ya kijivu, kama maji ya kuoshea vyombo. Nimeonja – ule ukali ulimini haupo. Nimetumbukiza uzi ukatoka na rangi ya vumbi. Nimeusuuza, ukarudi mweupe pe.

Mama kaja, kanusa, kanitazama kuanzia miguuni. Akaniuliza juzi nilipokoroga nilivaa nini. "Ulitoka msibani na nguo za msibani ukakiinamia chungu?" Kila mtoto wa hapa anajua: ukitoka msibani unaoga, unabadili nguo, na siku tatu hukisogelei chungu, kwa sababu roho yake inachukia na kuondoka. Kila mtoto! Mimi nina miaka thelathini na sita, nimesahau, kichwa kimenivimba kwa ajili ya barua.

Nikamwambia labda ni joto. Labda jivu lilikuwa baya. Mama akasema, "Haya, jivu." Akaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 12 Februari

Nimelia asubuhi, nimenawa, nimekunywa kahawa. Wiki tatu zimebaki. Bila chungu hai sina kibanda, na nikikosa mwaka huu sijui kama wataniita tena.

Binamu yangu Wichit kaja na dawa yake: unga wa dukani, tuuchanganye kimya kimya. Nani atajua, dada? Buluu ni buluu! Nimemfukuza kwa mwiko. Baada ya nusu saa nikajikuta naufikiria huo unga. Ee, nimeufikiria. Naandika ukweli kwa kuwa humu hasomi mtu.

Mama ndiye aliyepata njia. Kuna Bibi Chanpheng, binamu yake Bibi, ng'ambo ya mto mkubwa, upande wa Laos, karibu na Thakhek. Naye ni mtia nili. Nikamwombe maji ya kuanzishia. Mama mwenyewe hajawahi kufika, ila Bibi, enzi za uhai wake, alikuwa anavuka kila mwaka kwenda kusali kwenye hekalu la huko. Sharti lake Mama: nikishabeba hayo maji, nisiseme na mtu njiani hadi nifike nyumbani. Ukimwitikia mtu, roho ya chungu inamfuata yeye.

"Nuan? Anyamaze kutwa nzima?" Wichit alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 14 Februari

Nipo kwa Bibi Chanpheng. Kibibi kifupi, meno mekundu ya tambuu, mikono ya buluu hadi viwikoni. Alinitazama viganja kabla hajanitazama uso. Akasema, "Mjukuu wa Khamta. Umechelewa, nilikutegemea mwaka jana." Khamta ndiye Bibi yangu; hayo mengine sikuyaelewa.

Ana vyungu sita chini ya nyumba. Sita! Na viwili kati ya hivyo ni ndoo za plastiki! Kimoja kimefunikwa na fulana ya timu ya mpira, kuku wanapita juu yake, redio inaimba pembeni. Kwetu chungu kina kivuli chake, kina kitambaa chake cha kiunoni kama bibi harusi, na mbele yake hatupayuki. Nimeshtuka hadi nikasahau kuamkia vizuri.

Maji hayaombwi mikono mitupu, anasema. Kesho naanza kazi.

Alhamisi, 16 Februari

Mgongo! Huyu bibi ana miaka sabini na mbili na ananichosha mimi.

Lakini leo nimeona jambo. Anazamisha shali mara tatu tu, anakamua, anaanika. Basi. Rangi ya mbingu kabla jua halijatoka. Kwetu hiyo haijaiva. Sisi tunairudisha chunguni mara kumi na tano hadi iwe buluu inayokaribia nyeusi, ndiyo watu wanasema hii sasa ni kazi. Nikamwuliza kwa adabu atamalizia saa ngapi.

"Kumalizia nini?"

Nikaonyesha shali. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa yai litaiva lini wakati ameshalila. Alasiri upepo ukavuma, zile shali nane zikainuka zote pamoja kwenye kamba, na mimi nikasimama pale na ndoo mkononi. Nimeipita rangi hiyo katika kila shali niliyotia maishani. Kila moja! Na sikuwahi kusimama hapo hata mara moja.

Baadaye kaniachia shali moja niitie rangi mwenyewe. Mara ya tatu mkono ukataka kuirudisha, kwa mazoea tu. Akanichapa kofi kiganjani. "Acha! Umeshafika, unakwenda wapi tena?" Tumecheka sana. Hiyo shali kanipa, naijaribu mabegani kila nikipita kwenye kioo.

Ijumaa, 17 Februari

Loo! Loo, jamani.

Tunakula wali wa kunata na saladi ya papai, pilipili inanitoa machozi, nami nikaanza kujigamba. Nikamsimulia kibanda, fomu, chungu cha miaka arobaini. Bibi Chanpheng akapaliwa. Nikampiga mgongoni, kumbe ni kicheko.

"Arobaini ya nani, mjukuu wangu? Khamta alikuwa hapa kila mwaka baada ya mwaka mpya, na kidumu chake chini ya kapu la maua! Mkono wake mkali yule. Kila kiangazi anakiua chungu, kila mwaka anakuja kwangu kuchota."

Nikasema hapana, alikuwa anakuja hekaluni.

"Hekaluni alipita, ndiyo. Kwa nje."

Nikanyanyuka nikaenda mtoni. Nilikasirika kweli. Bibi! Bibi aliyenikataza hata kupiga chafya mbele ya chungu! Nimepiga mateke mchanga kama kichaa. Halafu nikamwona kichwani mwangu, kajitanda vizuri, kapu la maua mkononi, uso wa ibada kabisa, na kidumu kinacheua chini. Nikacheka peke yangu hadi wavuvi wakageuka.

Niliporudi nikapiga hesabu. Bibi kafariki miaka miwili na nusu iliyopita. Viangazi viwili chungu kilikuwa mikononi mwangu peke yangu, na hakikufa! Ndiyo maana Bibi Chanpheng alinitegemea mwaka jana. "Basi umemshinda," kasema Bibi Chanpheng, kwa sauti ya kawaida tu, huku anatema tambuu. Nimefurahi kuliko siku ile ya barua.

Lakini fomu niliiandika mimi. Kibanda walinipa kwa sababu ya arobaini. Na Mama kila asubuhi anakiwekea chungu ua. Nitamwambiaje?

Jumapili, 19 Februari

Nimerudi, na kidumu cha lita tano. Bibi Chanpheng kanisindikiza akiongea njia nzima, mimi nampungia mkono tu kama bubu. Namheshimu Mama. Lolote lile, wiki hii sitaki kujaribu bahati.

Forodhani. Ofisa kijana, shati limepigwa pasi hadi linakata. Nini hiki? Nikatikisa kichwa. Dawa? Nikatikisa. Pombe? Nikatikisa zaidi. Akafungua, akanusa – maskini, uso ulimkunjamana! Foleni nyuma yangu inanung'unika. Mwanamke mmoja anasema labda ni bubu, mwingine anasema bubu gani, nilimsikia akilalamika kwenye mzani wa mizigo. (Kweli. Lilinitoka moja.) Ofisa akakiinua kidumu, anakipeleka mtaroni.

"Usimwage, kaka! Nakuomba! Ni nili!"

Mdomo ukishafunguka haufungiki tena. Nilimweleza yote: msiba, nguo, kibanda, Bibi, kapu la maua. Kaniacha nimalize. Kisha akasema mama yake naye ana chungu, kule Renu, na kwao mwiko ni kupiga mluzi. Akafunga kidumu vizuri kuliko kilivyokuwa. Akaniambia nikifika niseme nilinyamaza.

Basi kama Mama ni mkweli, roho ya chungu chetu sasa inagonga mihuri mpakani. Wichit alinipokea na gari, nikaongea naye hadi nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama kaniuliza kama nilinyamaza. Nikamwambia, kadiri nilivyoweza. Akasema, "Mh."

Jumatatu, 20 Februari

Nimeoga mara mbili. Nguo safi. Nimeosha chungu, nimemimina maji ya Bibi Chanpheng, nili mpya iliyopondwa, maji ya jivu, ukwaju. Nimekoroga taratibu.

Sasa kusubiri.

Alhamisi, 23 Februari

Hakuna kitu. Mama kaleta yai na ua la mjohoro. Nimeweka.

Ijumaa, 24 Februari

Harufu kidogo? Au pua yangu inanidanganya. Wichit ananusa anasema ni soksi zake.

Jumamosi, 25 Februari

POVU! Povu la buluu, zito, linang'aa juu kama mgongo wa njiwa! Maji chini yake manjano na kijani! Nimepiga yowe, kuku wametawanyika, jirani kaja na panga anauliza mwizi yuko wapi. Uzi umeshika. Nimeusuuza mara sita, haukutoa kitu.

Mama kalia. Kakishika chungu kwa mikono miwili. "Alikwenda matembezi tu. Karudi. Arobaini yake iko palepale." Akaenda stoo akatoa ubao na rangi nyeupe, akaandika kwa mkono wake, herufi kubwa za shule: CHUNGU CHA MIAKA AROBAINI. Wa kutundika kibandani.

Nikamsifia mwandiko.

Jumatatu, 27 Februari

Sijalala vizuri siku mbili. Nimejaribu kusema ile sentensi mbele ya kioo, "karibuni, chungu hiki kina miaka arobaini", jinsi nitakavyoisema kibandani mara mia kwa siku. Mara ya tatu tu ikanikwama. Bibi alificha kidumu chini ya maua miaka yote ile, na kila mwaka alikuwa anaogopa, najua, kwa sababu siku ya kuvuka alikuwa hali kitu. Tulidhani ni mfungo! Sitaki. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nikampigia Bwana Kritsada wa kamati. Nikamwambia chungu kina siku saba. Nikasikia anapekua karatasi. Akauliza, na ile arobaini? Nikasema ile ni ya Bibi yangu na binamu yake na kidumu, si ya chungu, na kosa la fomu ni langu. Akasema itabidi aulize wenzake, jibu kabla ya Alhamisi jioni. Halafu, taratibu: nina kingine cha kuonyesha?

Nikasema ninayo buluu ya kuzamisha mara tatu tu.

"Mara tatu? Si haijaiva hiyo?"

Nikacheka kabla sijajizuia. Nikamwambia aje aione kwenye upepo.

Mama bado sijamwambia. Naogopa uso wake kuliko kamati yote.

Alhamisi, 2 Machi

Shali tisa nyeusi-buluu, kumi na mbili za mara tatu. Zote ziko kwenye kamba, na leo kuna upepo. Mama kapita chini yake asubuhi na beseni kichwani, akasimama. Akauliza hizi nyepesi nitazimalizia lini. Nikamwambia zimeisha. Akazungusha macho, lakini akarudi tena kuzitazama. Mara mbili! Alidhani simwoni.

Wichit anakuja kesho alfajiri na gari, kama tutakwenda. Simu kutwa nzima kimya.

Saa kumi nimechukua ubao wa Mama, nimeugeuza. Upande wake nimeuacha kama ulivyo, siwezi kuufuta. Nyuma nimeandika: NUAN, MTIA NILI. CHUNGU HIKI KINA SIKU KUMI NA MBILI. Zitakuwa zimetimia Jumamosi. Nimeuegemeza ukutani ukauke, nimekaa barazani naandika haya.

Mama katoka kukoroga chungu, kasimama mlangoni, kakunja macho. Anauliza nimeandika nini kule. Nikamwambia, soma tu, Mama.

Kaingia ndani kutafuta miwani.

Simu inaita. Ni Bwana Kritsada. Na Mama anapekua nyumba nzima, anafungua kabati, anainua mito, anapaza sauti kama nimeiona miwani yake. Anatokea mlangoni tena. Iko kichwani mwake. Namwonyesha kwa kidole, nami napokea simu.