Bei Tuliyowatajia Watu wa Mnara

Jumatatu, 6 Juni 2005

Tumepanda tena Posta, mimi na mke wangu Somoe, baada ya alasiri. Posta yenyewe si posta. Ni jukwaa la saruji la ghala la zamani la ushirika, juu ya kilima, nilipokuwa nasimamia upakiaji wa korosho enzi za ukatibu wangu. Ghala limebaki kuta. Jukwaa ni zima, na ukisimama kwenye kona yake ya kaskazini simu inashika mtandao wa Kilwa Masoko. Kona inatosha mtu mmoja. Wengine wanasubiri chini. Vijana ndio walioiita Posta, na jina limekaa.

Mwanetu Bakari alipiga kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Mama yake akasikia, "Mama, huyu Rehema anataka..." Basi. Ikakata. Akapiga tena, ikakata. Hatujui mjukuu wetu anataka nini.

Tukishuka, Somoe akasema, "Baba Bakari, Ramadhani haitanikuta hapa. Nitakwenda kwa mwanangu. Ila kama nitawasikia wajukuu nikiwa nimekaa barazani kwangu, nitabaki."

Hakusema kwa hasira. Akisema kwa hasira, kesho yake husahau. Hili alilisema taratibu, akiangalia mahali pa kukanyaga. Naogopa.

Alhamisi, 9 Juni

Mtendaji wa kijiji kapita nyumba kwa nyumba. Kampuni ya simu inaleta watu hapa Pande. Wanatafuta mahali pa kujenga mnara mpya. Watatuuliza mtandao tunauonaje, na tuko tayari kulipa kiasi gani ukiwa bora.

Swali la kwanza halina neno. La pili limeninyima raha.

Enzi za ushirika bei ilitangazwa redioni, nami niliiandika kwa chaki kwenye ubao wa ghala. Nzuri au mbaya, ilikuwa moja kwa wote. Likaja soko huria. Wakaja wanunuzi wa kangomba, wanaopima korosho kwa kopo badala ya mizani, na neno lao la kwanza lilikuwa hilohilo: "Mzee, wewe unataka ngapi?" Aliyetaja kidogo alipewa hicho kidogo. Aliyetaja kikubwa aliambiwa korosho zake zina unyevu. Nilijifunza kwa macho yangu. Mfanyabiashara akikuuliza bei, anapima mfuko wako.

Kwa nini waje mpaka Pande kuniuliza mimi? Vocha zao zina bei, imechapwa. Wanajua wanachotaka. Kuna kitu.

Jumamosi, 11 Juni

Tumekaa barazani kwa Saidi Mpili, jirani yangu, mkulima wa ufuta na mtu wa maneno mengi. Wazee karibu wote walikuwepo.

Mpili alisema, "Katibu, ukiwaambia unaweza, kesho asubuhi vocha imepanda."

Mwingine akasema tukijifanya mafukara mnara hautakuja. Wote wawili walikuwa na haki. Ikawa kelele.

Nikawaeleza. Hakuna mtu anayekwenda kununua doti ya kanga Kivinje akaanza na bei yake ya kweli. Unataja bei ya chini mpaka mwenye duka acheke. Anakwambia ongeza. Unaongeza kidogo. Hapo mkeo anakuvuta mkono, hatuihitaji hii, twende zetu, na mnageuka. Kabla hamjafika mwisho wa barabara mnaitwa. Hivyo ndivyo mimi na Somoe tulivyonunua kitanda, cherehani, na mabati ya nyumba hii. Ulimi wangu haukushusha bei hata siku moja kama mgongo wake ulivyoishusha. Na hawa nao ni wachuuzi tu, wawe na gari wasiwe na gari.

Tukakubaliana. Kila mtu aanzie chini kabisa. Wao watatuomba tuongeze, nasi tutaongeza.

Kila mmoja anajua bei yake ya mwisho na ataificha. Yangu ninayo. Siiandiki hata hapa. Daftari lina macho.

Jumanne, 14 Juni

Wamekuja. Kijana mwenye shati la kampuni na binti mwenye mkoba. Mimi nikapewa kijana, Somoe akapewa binti, wakakaa uani.

Kijana ana adabu. Shikamoo yake ilikuwa ya kweli. Akauliza simu inakata mara nyingi? Nikamwambia ndiyo. Sauti inasikika? Nusu. Unaridhika? Siridhiki. Hayo yote nilijibu kweli tupu. Kisha: mtandao usiokata, ungekuwa tayari kuongeza kiasi gani kwa mwezi?

Nikamtajia bei ya kiberiti. Kimoja.

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Akaandika.

Nikamwongezea kahawa ili apate nafasi ya kusema. Akanywa. Nikakohoa. Akasema, "Pole mzee wangu, ni vumbi la barabara." Nikamwuliza, ndiyo imekwisha? Akasema imekwisha, na kwamba hapa hakuna jibu baya. Akafunga kalamu yake.

Hakuna jibu baya. Maneno hayo siyaamini. Nimeuza na kununua umri wangu wote, sijaona mchuuzi asiyesema ongeza.

Somoe na binti walimaliza mapema. Nilimwuliza kajibu nini. "Nimemjibu," alisema, akaendelea kuchambua mboga.

Jumatano, 15 Juni

Labda ni mbinu. Wameondoka ili tuanze kuwakimbilia sisi. Tusikimbie. Nimemwambia Mpili hivyo.

Jumapili, 19 Juni

Hawajarudi.

Nimeanza kumshuku Mpili. Aliongea sana barazani, na siku ile kijana alikaa kwake muda mrefu kuliko kwangu, nikasikia kicheko. Kwangu hakucheka. Kwa nini acheke kwa Mpili? Nilimwuliza alitaja bei gani. Akasema ya chini, kama tulivyoagana. Nilimtazama usoni. Mpili ana uso usiosema kitu.

Ijumaa, 1 Julai

Baada ya swala nimemuuliza mtendaji. Anasema majibu yamepelekwa Dar es Salaam, yanajumlishwa. Yanajumlishwa! Bei ya mtu haijumlishwi. Bei ni mazungumzo. Ukiichukua kabla haijaisha umechukua nini? Nilimweleza hivyo kwa upole. Akaniambia, "Katibu, mimi nimeletewa barua tu, nimeitangaza." Hakuna anayejua kitu. Au wanajua na hawasemi.

Somoe anashona mfuko mkubwa wa turubai. Sikumwuliza wa nini.

Jumatatu, 18 Julai

Mnara unakwenda Njinjo.

Njinjo! Bara huko, kwa wakulima wenzetu, simu zenyewe za kuhesabu. Mtendaji kasema kampuni imeona watu wa Njinjo wako tayari kulipa, watu wa Pande hawana uhitaji. Amelisoma neno hilo mara mbili mbele ya watu: hawana uhitaji. Sisi tunaopanda kilima na wake zetu wazee.

Nimekasirika. Lazima kuna mtu wa Njinjo ndani ya kampuni. Shemeji, mtoto wa shangazi, yeyote. Mambo haya hayaendi hivihivi.

Somoe alisikia akiwa nyuma ya watu. Alirudi nyumbani kabla yangu.

Jumamosi, 23 Julai

Nimekwenda Nangurukuru kufuata dawa ya mikorosho. Kituoni, kwenye kivuli cha banda la chapati, nikakaa karibu na mzee mwenzangu mwenye gunia la ufuta. Katoka Njinjo. Nikampeleleza polepole. Mna bahati kubwa, nikamwambia, mmepata mnara. Mna ndugu huko juu?

Alishangaa. "Ndugu wapi?"

Basi mliwaambia nini?

"Mgeni kaja na jua lote lile. Kakaa mkekani kwangu, kala muhogo wangu. Ananiuliza utalipa? Nimwambie sitaki chako? Nimelelewa wapi mimi? Nikamwambia nitalipa utakacho, baba, wewe tu. Na mwenzangu vilevile. Kijiji kizima."

Nikamwuliza ana simu. Hana. Kaka yake anayo, imeingia maji. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Wataujenga, watatutafuta hao wa kulipa!"

Nimerudi na basi, nikiwaza. Nimfikirie nani mwizi sasa? Hakuna ndugu, hakuna shemeji. Swali moja limekwenda vijiji viwili. Kwetu likapokewa kama mchuuzi, kwao likapokewa kama mgeni. Wote tulijibu kwa adabu tuliyofundishwa. Ukweli hakuusema mtu, na kampuni imeamini kila neno.

Jumatatu, 25 Julai

Nimemwomba radhi Mpili kimoyomoyo. Usoni bado.

Leo nimembana Somoe. Sikuweza tena kulala na swali lile. Ulimjibu nini yule binti?

Akaweka ungo chini. "Nilimwambia hatuhitaji. Nikamwambia sisi tumezoea hivihivi, na mimi nakwenda zangu kwa mwanangu. Nikainuka, nikaingia jikoni."

Ukaingia jikoni?

"Si ulikuwa umeshataja bei? Nilikusikia. Nikafanya zamu yangu." Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. "Nilikaa jikoni nasubiri aniite. Nikasikia anaaga."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Miaka yote ile hakuna mwenye duka aliyetuacha tuende.

Lakini jioni fikra nyingine ikaja, na haiondoki. Huenda alimwambia binti ukweli mtupu. Huenda anataka kwenda, tangu mwanzo, na mnara ulikuwa neno la kunituliza. Mtu akishona mfuko kabla majibu hayajatoka, anajua nini ambacho mimi sijui?

Jumatatu, 1 Agosti

Nimekwenda Kilwa Masoko. Kuna kibanda chenye rangi za kampuni. Ndani, kijana peke yake na feni.

Nilifanya jambo ambalo sijalifanya maishani. Nilitaja bei yangu ya mwisho kwanza. Nilimwambia: mikorosho ya mama yangu, ile ya upande wa kisima, mavuno yake yote, kila msimu, kwa muda nitakaoishi. Ujengeni mnara Pande. Mke wangu asikie wajukuu akiwa barazani.

Yeye ndiye aliyecheka. Kisha akaona sicheki, akaona haya. "Babu, mimi nauza vocha tu. Maoni yalishafungwa. Labda mwakani watapita tena."

Alinipa kiti. Alinipa maji ya chupa, akakataa malipo. Kijana mwema. Sikuwa na la kumshuku, na hilo liliniuma zaidi.

Ijumaa, 19 Agosti

Nimemwambia Somoe kuhusu Masoko, na mikorosho. Akasema, "Ungesema hivyo siku ile." Si kwa lawama.

Nikamwambia na yeye angesema.

Bado anashona.

Jumapili, 4 Septemba

Bakari alipiga, tukapata maneno machache. Chumba kipo, kitanda kipo, mama aje. Nami naitwa. Sitaweza. Korosho zitaanza kuanguka karibuni, na usipoziokota wewe ataokota mwingine. Hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Ya pili ni kwamba Mbagala sina kazi, nitakuwa mzee wa kuonyeshwa mahali pa kukaa. Somoe anazijua zote mbili. Hakunisihi.

Hakunisihi hata kidogo. Hilo nalo naliwazia vibaya.

Jumamosi, 17 Septemba

Ameondoka na basi la alfajiri. Pweza wakavu, unga wa muhogo, mfuko wa turubai umejaa. Simu ameniachia. Atatumia ya mke wa Bakari.

Mpili alinisaidia kupakia. Hakusema neno, yeye Mpili.

Nyumba ni kubwa.

Jumatano, 28 Septemba

Mwezi wa mfungo unakaribia. Upepo umetulia. Nimepika mwenyewe, nikala, nikaosha chungu.

Alasiri nikapanda Posta. Watu walikuwa wachache. Nikasimama konani na kumpigia, na kwa mara ya kwanza ikashika vizuri, sauti safi, kama yuko chumba cha pili.

Nikamwuliza huko vipi. Akasema, "Mtandao huku umejaa tele, baba Bakari. Watu ndio hakuna. Wanatoka alfajiri, watoto shule. Nakaa na simu mezani, namsikiliza nani?"

Nikamwuliza kama anajuta. Nilimwuliza kwa sababu nilimshuku, nikamwambia na hilo. Akasema nilikuwa mjinga siku zote na leo nimezidi. Akauliza nimekula nini. Ugali na dagaa, nikamwambia. Umeweka nazi? Sikuweka. Akasikitika.

Kisha maneno yakaisha. Hakuaga, nami sikuaga. Nikasikia ungo, anapeta mchele. Alikuwa ameiweka simu karibu, bila shaka begani, akaendelea na kazi yake. Vocha ilikuwa inaliwa, nami nikaiacha iliwe. Mchele ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka.

Ikawa kimya. Nikabaki nimeishika simu sikioni mpaka Mpili, aliyekuwa anasubiri kona, akapanda jukwaani na kunigusa bega.

"Katibu, imekata."

Nikamwambia najua.