Mistari Miwili ya Dereva

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu kaacha kazi. Kaniambia mwenyewe kwa simu, kasimama nje ya maabara. Dereva wa ambulensi — kaacha! Leo madereva wote walipimwa mkojo, kutafuta dawa za kulevya. Akachungulia kipimo kwenye kikopo chake mezani: mistari miwili. "Dada, nimekwisha." Nikamuuliza, umekula nini? Kidonge cha kikohozi cha mama, jana, kimoja tu.

Hakungoja majibu. Alimtumia bosi ujumbe wa sauti: nakiri, nimekula kidonge, naondoka kwa heshima, na hizo breki za gari ungezitengeneza badala ya kuchungulia mikojo ya watu.

Sikucheka. Nilijitahidi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda maabara. Mpimaji, mama mwenye sauti ya kunong'ona, kanieleza: mistari miwili ni salama. Dawa ikiwamo kwenye mkojo huiwahi rangi ya kipimo, na mstari wa pili hauji. Mmoja peke yake ndio balaa. Nikamuuliza tena, kuhakikisha. Jibu lilelile.

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Mlinzi akanipa pole, kadhani nimefiwa!

Na kosa lina asili. Juzijuzi wifi, mkewe, alipima mimba: mistari miwili, mdogo wangu akaruka hadi akavunja ndoo ya bafuni. Tangu hapo kwake mistari miwili maana yake kitu kimo ndani!

Nikampigia, nikamweleza. Akauliza: "Na ile sauti niliyotuma?" Wifi nyuma yake: "Ndiye baba mtoto huyo, jamani!"

Alhamisi, 6 Machi

Bosi kasema hakubali kuacha kazi. Dereva mzuri haokotwi. Ujumbe kaisikilizisha ofisi nzima, karani kalia kwa kicheko. Breki zimepelekwa gereji.

Lakini — mtu akikiri kwa kinywa chake, mkojo unakwenda kwenye mashine kubwa. Kile kipimo cha mistari huona dawa ikizidi kiwango tu. Mashine huona hata chembe, na kuitaja jina. Kwa hiyo: mtu msafi kajishtaki mwenyewe. Usukani haushiki mpaka jibu lije, na ikionekana chembe, kazi basi.

Mama alipojua: "Kumbe mwizi wa kidonge changu ni wewe! Nimekohoa kama mbuzi!" Tukaangua kicheko wote, na mshtakiwa pia.

Ijumaa, 7 Machi

Muuzaji wa duka la dawa hakumbuki alimpa mama vidonge gani. Vipo vyenye kodeini, dawa yenye kulevya, ambayo mashine itaiona. Vipo visivyo nayo. Pakiti? Mama kaitupa.

Wifi kapiga marufuku: mumewe asitazame mistari yoyote, hata ya barabarani. Mdogo wangu kashaanza kucheka, halafu ghafla anauliza leo ni siku gani.

Jibu Jumatatu, saa nne asubuhi. Bosi kaagiza nifuatane na mdogo wangu, na bahasha nifungue mimi, yeye asije akasoma vibaya tena.